Mkwe Chini ya Lori la Jeshi

Watu wa mjini wakisikia mwanaume mzima anamkimbia mama mkwe wanachekaga. Wacheke tu. Pande za Butiama, kwa wazee wa zamani na hata kwa hawa wa sasa wanaokwenda misa kila Jumapili, mama mkwe siyo mtu wa kukutana naye njiani ukamwambia shikamoo mama, habari za tangu juzi. Ukimwona anakuja, unaingia porini. Na yeye akikuona anaingia pori la upande wake, mnapitana hivyo hivyo kila mtu na miiba yake. Hamli pamoja, hamkai kivuli kimoja, hampeani kitu mkono kwa mkono. Kama kuna neno la lazima, linapita kwa mtu wa katikati. Akikosekana mtu, unaambia mbuzi, unaambia mti, na mwenye kusikia anasikia. Na habari ya kuonana bila nguo, hiyo hata mlevi haitamki.

Burito alikuwa anayajua hayo yote, na alikuwa anayashika. Alikuwa fundi wa magari makubwa pale Nyakato, Musoma, mtu mnene kidogo, mpole, vidole vyake vyeusi hata siku ya Krismasi. Alioa Butiama, mke wake anaitwa Debora, na tangu harusi hakuwahi kumsogelea mama yake Debora umbali wa kurusha jiwe. Sukari alituma. Kitenge alituma. Akipata sangara mzuri kule mwaloni, wavuvi wanakoshusha samaki, alimpa Debora apeleke. Yeye mwenyewe alibaki na spana zake Nyakato, heshima tele, amani tele.

Sasa kulikuwa na tajiri mmoja wa Kitaji, Makongoro, mnunuzi wa mahindi. Huyu alinunua lori la jeshi. Jeshi lenyewe la nchi za mbali huko, walilitumia wakalichoka, wakaliuza mnada na mengine mengi, likapanda meli likaja. Lori refu, matairi sita kila moja linafika kifuani, rangi ya majani yaliyokauka. Linapanda mlima kama mbuzi. Lakini magari ya jeshi yana tabia zake. Swichi zimejaa kama mbegu za tikiti, maandishi yake hakuna wa kuyasoma, na umeme wake siyo huu wa gari zetu. Lina betri mbili zilizofungwa pamoja, zinafanya kazi kama pacha, nguvu ya moja inapanda juu ya nguvu ya mwenzake. Dereva wake, Lukas, alikuwa kijana wa maneno mengi na muziki mwingi, na hilo la pacha hakuna aliyemweleza.

Siku hiyo lori lilitoka Mugeta na gunia za mahindi, likaja likafia kwenye kilima, barabara ya vumbi ya kuja Butiama. Makongoro akampigia Burito. Burito akauliza kilima gani. Alipoelezwa, akaenda kwanza kwa mke wake, maana kilima hicho kiko juu kidogo tu ya boma la wakwe zake, pale kwenye kona.

Akamuuliza Debora mama yuko nyumbani au hayupo. Debora akacheka, akasema mama kaenda Bunda kumwona dada yake anayeumwa, atalala huko.

"Nenda tu, Baba Clever," akamwambia, "leo barabara ni ya kwako."

Burito akaenda. Lakini ardhi ya wakwe ni ardhi ya wakwe hata kama hawapo. Akavaa suruali yake ya kanisani na shati jeupe, ovaroli akaiweka kwenye mfuko pamoja na spana. Alipofika akapanda ndani ya lori, akavua, akakunja nguo zake vizuri juu ya kiti, akavaa ovaroli.

Lori lilikuwa limesimama kichwa juu, mkia chini. Kushoto ukuta wa udongo uliochongwa na greda, umelikaribia kiasi kwamba hata paka angepita kwa shida. Kulia uwazi na njia ya miguu. Nyuma, chini, kwenye kona, mabati ya nyumba ya mama mkwe yanawaka jua. Burito akayatazama mara moja, akageuza macho.

Akamuuliza Lukas ilianzaje. Fundi mzuri haanzi na spana, anaanza na masikio. Lukas akasema tangu Mugeta taa zilikuwa zinafifia, yeye akadhani ni vumbi. Akafika hapa akasimama akojoe, akazima injini ili apumzishe gari. Kurudi, stata inasema *tik*, basi. Na upepo wa breki ukaanza kutoka kidogo kidogo, *sssss*, mpaka mshale wa kupimia upepo ukalala.

Na hapo ndipo mtego wenyewe. Breki za lori lile ni za upepo. Kila gurudumu la nyuma lina kopo la chuma, ndani kuna springi kubwa yenye hasira. Upepo ukiwepo, springi inabanwa. Upepo ukiisha, springi inajitanua na gurudumu linashikwa hapo hapo. Kwa hiyo gari haiwezi kuwaka kwa sababu betri imekufa, haiwezi kusukumwa wala kuvutwa kwa sababu breki zimeshika, breki haziwezi kuachia kwa sababu upepo hakuna, na upepo hauwezi kuja mpaka injini iwake. Mtu wa jeshi aliyelitengeneza alitaka lisitoroke. Basi halitoroki.

Burito akafungua sanduku la betri, akatoa taa yake ya kupimia, balbu ya kawaida na waya mbili. Akagusa betri ya kwanza, balbu ikawaka nyeupe. Akagusa ya pili, ikawaka nyekundu kama sigara ya mzee. Akaona waya mwembamba, umesokotwa kwa mkono, unatoka kwenye ile betri dhaifu unaingia ndani. Akaufuata. Ukamfikisha chini ya kiti, kwenye spika kubwa kama jeneza la mtoto.

"Hii nini?"

"Muziki, fundi. Gari bila muziki dereva analala."

"Na kwa nini umefunga kwenye betri moja?"

"Nilifunga kwenye zote mbili, spika ikatoa moshi."

Burito akacheka mwenyewe. Akamweleza pole pole kwamba hizi ni pacha, Kulwa na Dotto. Umemnyonya Dotto peke yake njia nzima, na alteneta, ile ya kuchaji, ikija na chakula haijui nani ana njaa, inawagawia sawa. Dotto amekufa njaa, Kulwa amevimbiwa mpaka ametapika. Na kweli, ile betri nzima ilikuwa imechemka, maji yake yamemwagika sanduku zima. Burito alipozitoa aliegemea pale kwa tumbo na paja, akazibeba moja moja kifuani, akageuka akaegemea tena kwa mgongo akikaza sanduku. Akahisi ubaridi. Alijua ni maji ya betri, si mgeni nayo. Lakini maji ya kunawa hayakuwepo, akasema nitaosha baadaye. Hilo baadaye wewe ngoja.

Wakapanga. Lukas aende Butiama senta kwa pikipiki aliyokuja nayo Burito akamlete mwenye trekta, livutwe liwake, likishawaka upepo utajaa lenyewe. Trekta haivuti gari lililoshikwa breki, kwa hiyo Burito atabaki kulala chini na kuzibana zile springi kwa mkono. Kila kopo lina bolti ndefu, unaikaza taratibu, springi inarudi nyuma, gurudumu linakuwa huru. Makopo manne. Yakiisha yote, lori halina kitu cha kulizuia isipokuwa ulichoweka nyuma ya tairi. Burito akamwambia Lukas kabla hujaondoka nitafutie gogo na jiwe kubwa, jiwe liwe bapa, lisiviringike.

Lukas akarudi na gogo. Akarudi tena anabingirisha jiwe bapa, zuri, limelika katikati kama sahani. Akalikita upande wa kulia, gogo upande wa ukuta, akapanda pikipiki akaondoka anapiga mluzi. Burito alikuwa ameshalala chini anaangalia juu. Jiwe hakuliangalia. Kama angeliangalia angejua, maana hakuna mwanaume wa pande zile asiyejua jiwe la kusagia ulezi.

Akafanya kazi. Jua lilikuwa kali, chini ya lori joto kama tanuru la matofali. Kopo la kwanza likaachia. La pili likaachia. Alipokuwa anajisogeza kwa mgongo juu ya changarawe akasikia upepo mahali ambapo upepo haukupaswa kufika. Akapapasa. Kitambaa kikabaki mkononi kama mkate uliolowa. Maji ya betri yalikuwa yameila ovaroli tumboni, mapajani, mgongoni mpaka kwenye makalio, na bukta ya ndani nayo imeliwa. Kilichobaki kizima ni mikono, kola na miguu kuanzia magotini. Na ngozi ikaanza kuwasha kama ametambaa kwenye upupu. Akajiambia amalize, kisha apande juu avae nguo zake. Hakuna mtu.

Akaingia kopo la tatu. Likaachia. Lilibaki moja.

Hapo akasikia miguu.

Ilikuja kutoka chini kwenye kona, inaburuta kandambili, na fimbo inagonga mbele yake. Ikasimama kando ya tairi la nyuma. Burito aliona kandambili za bluu na visigino vilivyopasuka kama ardhi ya kiangazi, na kabla hajafikiri kitu akasikia sauti.

"Ndilo hili. Jiwe langu hili."

Sauti ile alikuwa ameisikia mara moja tu, siku ya harusi, inatoka ndani ya nyumba mlango umefungwa. Lakini ilikuwa sauti ya Debora iliyozeeka. Mama Hyasinta, mama yake Debora, alikuwa amerudi. Dada yake kule Bunda alikuwa amepata nafuu, akapanda gari la asubuhi, kufika nyumbani anakuta mahali pa jiwe lake pana duara la udongo tu.

Burito akafumba macho. Kushoto ukuta, juu chuma, kulia mama mkwe. Atoke vipi? Akijivuta kwenda mbele atatokea barabarani hapo hapo, mgongo wote nje kama mbuzi aliyechunwa. Akafanya kile mtu wa adabu anachofanyaga, akakohoa, ili mwenye kusikia ajue kuna mtu na aondoke kwa heshima.

Mama Hyasinta akasema aha, kumbe umo humo, dereva mlevi. Umelala. Lala tu, lala vizuri. Ukiamka utanikuta.

Akakaa. Akakaa pale pale kwenye kivuli cha lori, juu ya jiwe lake, miguu imenyooshwa, fimbo mapajani. Kivuli kimoja na mkwe wake. Burito alikuwa anahesabu makosa, na kila pumzi inaongeza lingine.

Na mama yule alikuwa na maneno. Akamsema dereva, akamsema mama aliyemzaa dereva, akasema jiwe hili niliolewa nalo, mama mkwe wangu alisagia juu yake, na hakuna mwanaume aliyewahi kuligusa mpaka leo mshenzi mmoja wa Musoma anakuja kuliweka chini ya tairi kama kinyesi. Burito akawa anaitikia moyoni, kweli mama, kweli mama. Mwili unawasha, na kujikuna hawezi maana lori lile likiguswa tu linalia. Jasho likaingia machoni, na jasho juu ya maji ya betri ni kama pilipili juu ya kidonda.

Akapita mwanamke mwingine, jirani, anaitwa Mama Ghati, ametoka kuchota maji. Akauliza unafanya nini hapa mama. Akaambiwa ninamngoja mwizi aamke. Wakacheka. Wakakaa wanaongea, habari ya dada wa Bunda, habari ya ulezi wa mwaka huu, mpaka wakafika kwa wakwe. Mama Ghati akasema wakwe zake wamemletea godoro.

"Mimi wa kwangu sijawahi hata kumsikia sauti," Mama Hyasinta akasema. "Anatuma samaki. Samaki mzuri sana. Lakini kuna siku najiulizaga, hivi huyu mtu yupo kweli, au Debora ananunua mwenyewe anasema mume wangu katuma."

Wakacheka tena, na Mama Ghati akabeba ndoo yake akaenda zake. Chini ya lori Burito alikuwa analia au ni jasho, yeye mwenyewe hakujua.

Kivuli kikasogea. Mama Hyasinta akasimama, akasema basi, mwizi hataki kuamka na mimi nina kazi. Burito akasikia fimbo inaingia chini ya jiwe. Anataka kulichokoa alibingirishe nyumbani. Na jiwe lilikuwa bado halijabanwa sana, lori lilikuwa linashikwa na lile kopo moja lililobaki na lile gogo la upande wa ukuta. Jiwe likasogea kidogo. Lori likatoa mlio, *krrr*, mrefu.

Burito alikuwa amelala kwa kukingama, miguu yake imepita nyuma ya tairi. Akajua. Na hata hivyo, ulimi wake ulikataa kumsemesha yule mama. Basi ukatafuta njia yake.

"Lori," akasema, "mwambie mama aliyeko hapo nje aliache hilo jiwe. Aliache kama lilivyo."

Fimbo ikasimama.

Mlevi hasemi hivyo. Mwizi hasemi hivyo. Anayeongea na chuma ili mtu asikie ni wa aina moja tu. Burito akaona vile visigino vinageuka polepole, vikaelekea kwake, maana yake mama amegeuza uso kuelekea porini.

"Lori," Mama Hyasinta akasema, sauti imeshuka kabisa, "huyo uliyemficha ni wa wapi?"

"Lori, mwambie ni wa Nyakato."

"Eeh. Na huyo wa Nyakato yumo humo tangu nifike?"

"Tangu kabla."

"Na yale yote niliyoyasema?"

"Mwambie chini ya lori hakusikiki kitu."

Mama akataka kucheka, kicheko kikasikika puani. Lakini hapo hapo upande wa ukuta lile gogo, ambalo ndani lilikuwa limeliwa na mchwa, likapasuka *pwaa* kama boga. Lori likarudi nyuma upana wa kiganja. Jiwe likaruka pembeni. Tairi likasimama juu ya mguu wa ovaroli ya Burito, mguu wenyewe wa nyama umepona kwa unywele. Spana iliyokuwa juu ya ekseli ikaanguka, ikateleza, ikaenda kusimama nje karibu na kandambili za bluu. Na lile kopo moja, springi moja peke yake, likabaki limeshika lori zima na mahindi ya Makongoro, linalia pole pole kama mtoto anayelala.

"Lori, mwambie atoke!" Hapo mama alipiga kelele.

"Mwambie hawezi. Nguo imebanwa."

"Aivue."

Burito akasema kwa sauti ndogo sana, "Lori, mwambie nguo yenyewe imeshaisha. Imebaki iliyobanwa."

Mama akaelewa. Akasema basi yeye ataondoka, atakwenda mbali, ageuze uso, mtu atoke vile alivyo, Mungu tu ndiye ataona. Na kweli angeondoka, na kweli Burito angetoka. Angejichomoa kwenye ule mguu wa ovaroli kama ndizi kwenye ganda, akakimbia porini, na hakuna ambaye angemwimba ngomani. Lakini Burito aliikumbuka ile kona. Akauliza, kupitia kwa lori, nyumbani kwa mama kuna nani.

Mama Hyasinta akageuka kutazama mabati ya nyumba yake.

"Lori, mwambie wajukuu. Wanacheza uani."

Gari likija kinyumenyume hapo halingesimama mpaka ndani ya nyumba. Kuwaita haiwezekani, upepo unavuma kutoka chini. Kukimbia, kwa magoti yale ya mama, gari litamtangulia.

"Lori," Burito akasema, "mwambie kuna spana karibu na mguu wake. Nikiipata hiyo nitaifungulia springi nyingine, ishike. Mwambie haraka."

Mama akaisukuma kwa fimbo, uso kaugeuza. Spana ikaenda kombo, ikagonga tairi. Akaivuta, akaisukuma tena, ikakwama kwenye changarawe. Burito akanyoosha mkono mpaka bega likalia, ncha za vidole zikafika hewani tu. Hawezi kusogea, mguu umefungwa na kitambaa. Lori likasema *krrr*, likasogea unene wa kidole.

Hapo ndipo Mama Hyasinta alipopiga magoti. Alijifunika khanga uso mzima, akalala kifudifudi, akaokota spana, akaingiza mkono chini ya lori mpaka kwapani. Anapapasa kama kipofu. Na Burito naye macho ameyafumba, ameyabana mpaka yanauma, anapapasa upande wake. Mikono miwili inatafutana kwenye vumbi. Ikapishana. Ikarudi. Kisha vidole vikagusana, vya mama vikavu kama gome, vya fundi vimejaa grisi, na hakuna aliyeurudisha mkono. Spana ikapita.

Burito akaweka spana kwenye bolti ya kopo lililo karibu, akaizungusha kinyume. Ngumu. Akaizungusha. Ngumu. Alikuwa anaomba na kutukana kwa pumzi moja. Bolti ikalegea, akaendelea kuizungusha mpaka springi ikaruka nje ya kizuizi chake, *pu*, na gurudumu likashika kama mbwa kwenye mfupa. Lori likatikisika lote. Likatulia. Akaifungulia na nyingine, ya pili, ikashika. Kisha akalaza kichwa kwenye changarawe, spana akaiweka kifuani.

Visigino vilikuwa vimerudi vinamtazama.

"Lori, mwambie mama limeshika."

"Nimesikia." Halafu kama aliyekumbuka, "Lori, nimesikia."

Burito akangoja. Alijua kinachofuata. Mkono umegusa mkono, kivuli kimekaliwa pamoja, maneno yamesemwa na mwenye maneno yuko nusu uchi. Kutaitwa wazee wa huku na wa huku. Kutachinjwa mbuzi, na kabla ya mbuzi mambo yatasimuliwa yote mbele za watu, kitambaa kilifika wapi, kiliishia wapi. Debora ataona haya kwenda kwao. Alikuwa ameponea chini ya lori akaingia chini ya kitu kizito zaidi, na hicho hakina bolti.

Mama Hyasinta akakohoa. Akafuta vumbi kwenye khanga yake, akaifunga upya kiunoni.

"Lori," akasema, "unisikie vizuri, na huyo fundi wako asikie. Mimi mkwe wangu ni mtu wa adabu, yuko Nyakato anafanya kazi zake, leo sijamwona. Hapa nimemkuta fundi, sijui ni wa nani, nikampa spana. Fundi hana mwiko. Sasa mimi ninakwenda kuwaingiza watoto ndani, na mlango nitafunga mpaka nisikie gari limepanda mlima."

Burito akataka kusema kitu. Akakitafuta. Asante haikufika hata nusu.

"Lori," mwishowe akasema, "mwambie mama sauti ni hii."

Kandambili zilisimama kidogo. Kisha zikaondoka, fimbo mbele, hazikuharakisha.

Burito alipokuwa hazisikii tena ndipo alipojichomoa kwenye mguu wa ovaroli, akatambaa akatokea mbele ya lori, akapanda juu ameinama kama nyani, akavaa suruali ya kanisani na shati jeupe juu ya moto wa mgongo. Lukas alipotokea na trekta alimkuta amekaa kando ya barabara, msafi kabisa. Akamuuliza fundi umeshamaliza? Burito akamwambia bado, na kabla ya kazi utafanya mambo mawili. La kwanza, ulete mawe manne makubwa kutoka huko kilimani, siyo kwenye nyumba ya mtu. La pili, utalibingirisha hilo bapa mpaka lilipotoka, uliache mlangoni, uombe radhi kwa sauti, usisubiri kujibiwa.

Lukas alivyorudi alisema ndani ya nyumba ile kuna watoto wengi wanacheka, lakini hakuna aliyefungua.

Wakaweka mawe. Burito akalala tena chini, safari hii amejifunga gunia kiunoni, akayaachia makopo yote manne. Trekta likavuta, lori likanguruma, likakohoa moshi mweusi, likawaka. Mshale wa upepo ukaanza kupanda polepole. Akazirudisha zile bolti mahali pake, akaukata ule waya wa spika, akaupa Lukas mkononi. Lukas akautia mfukoni, akapanda kwenye usukani bila mluzi.

Nyumbani Nyakato Debora alimletea chai. Burito akaipokea amesimama. Debora akamwambia kaa basi, Baba Clever, umechoka. Akasema amekaa sana leo kwenye gari. Debora akamtazama. Akasema mama alipiga simu, kumbe alirudi leo leo.

"Nikaogopa, nikadhani mmekutana."

"Hapana," Burito akasema. "Mlango nilikuta umefungwa."

Akapuliza chai yake, akainywa taratibu, mgongo ameugeuzia ukuta.